Baden-Powell: Buda wa Skauti Aliyezikwa Nyeri, na Stori ya Miili Ambayo Hukuambiwa Shuleni

Ukishuka Kenol, kabla hata makanga hajakurudishia chenji, harufu ya nyama choma imeshakukaribisha. Mji huu ulipata jina kutoka kwa kituo cha petroli, ukakua na mbuzi, ploti na matatu za kupanda juu kuelekea Murang'a, Karatina na Nyeri. Na huku mwili bado ni stori. Rudi ocha ukiwa umeongeza kilo kumi uone. Cucu atakushika mkono, akuangalie juu hadi chini, aseme umenona, na hapo ujue umesifiwa. Nairobi imekukubali. Pandisha picha hiyo hiyo Instagram na mabeste wako watakuuliza kama jimu yenu ilifungwa.

Hizi kelele zote za mwili fiti ni upi na mwili mbovu ni upi hazikuanza na TikTok. Kuna msee mmoja amelala huko juu Nyeri, chini ya saa mbili kwa matatu kutoka Kenol, ambaye aliuza hiyo ideolojia kwa watoto wa dunia nzima kuliko karibu mtu yeyote wa enzi yake. Kama uliwahi kuvaa skafu na kaptula ukaapa kwa vidole vitatu, ulikuwa kwenye mbogi yake. Anaitwa Robert Baden-Powell. Shuleni tuliambiwa alianzisha skauti, tukapiga makofi, tukaenda lanchi. Ile stori ya miili iliachwa.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Babake alikuwa kasisi na profesa wa hesabu pale Oxford, akafariki mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Mama mtu, Henrietta Grace, ndiye aliyeshikilia boma lote, na alikuwa mama wa kusukuma watoto kweli kweli. Kijana akasoma Charterhouse, ambako alijulikana zaidi kwa maigizo, kuchora na kutorokea msituni kuliko vitabu. Oxford wakamkataa. Akafanya mtihani wa jeshi, akapita vizuri sana, na mwaka 1876 akatumwa India na kikosi cha farasi cha 13th Hussars.

Miaka ya ujana wake jeshini tuipite haraka, kwa sababu ni ile ile ya maofisa wengi wa ukoloni: India, Afrika Kusini, Ashanti, kisha nchi ya Wandebele mwaka 1896. Huko Wandebele kuna doa. Chifu Uwini alikamatwa, na Baden-Powell akaamuru apigwe risasi baada ya kesi ya kijeshi ya haraka haraka. Jeshi likachunguza, likamwachilia. Ni huko pia alikojifunza kazi ya kupeleleza usiku, kusoma nyayo na kutembea peke yake bila kuonekana. Alikuwa mwembamba, mkavu, mtu wa kulala nje na kula kidogo, na alijivunia huo mwili kama vile wasee wa siku hizi wanavyojivunia six-pack.

Halafu ikaja Mafeking, na hapa tukae kidogo.

Oktoba 1899 vita vya Waingereza na Makaburu vililipuka Afrika Kusini. Baden-Powell akajikuta amezingirwa kwenye kamji kadogo ka reli kanaitwa Mafeking. Alizingirwa siku 217. Upande mmoja wa mji walikaa Wazungu, na pembeni kulikuwa na mji wa Wabarolong wenye maelfu ya Waafrika, pamoja na wakimbizi wengine Waafrika waliokuja kujificha vita. Chakula kilikuwa kile kilichokuwa ndani. Mtu mmoja ndiye alishika funguo za stoo, na huyo alikuwa yeye.

Alipiga hesabu. Mgao wa Wazungu ulipunguzwa, lakini waliendelea kula. Waafrika walipata mgao tofauti, mdogo na mbovu zaidi. Maganda ya oti, chakula cha farasi, yalipikwa yakawa uji mchachu. Farasi wenyewe walipokosa nguvu walichinjwa, wakatiwa kwa masufuria makubwa, na ile supu ikauzwa. Ndiyo, iliuzwa. Mwenye senti alikunywa, asiye nayo aliangalia. Wakimbizi wasiokuwa Wabarolong walisukumwa waondoke mjini, wapite katikati ya bunduki za Makaburu wakatafute chakula kwingine. Wengine walipigwa risasi njiani, na wengi walikufa njaa.

Tunajua haya kwa sababu ndani ya mji ule kulikuwa na kijana Mwafrika mwenye kalamu. Sol Plaatje, karani na mkalimani wa korti, alikuwa na miaka ishirini na kitu, na aliandika daftari la kila siku wakati mabomu yanaanguka. Daftari lake lilichapishwa mwaka 1973, miaka mingi baada ya kifo chake. Miaka sita baadaye mwanahistoria Thomas Pakenham akatoa kitabu kikubwa cha vita vile na kumshtaki Baden-Powell wazi kwamba alinyima Waafrika ili Wazungu wadumu. Mwandishi wa maisha yake, Tim Jeal, akamtetea mwaka 1989, akisema picha ilikuwa na pande nyingi na zile jikoni za supu ziliokoa watu. Wasomi bado wanavutana. Mimi nikisoma hiyo vita ya vitabu naona kitu kimoja hakuna anayepinga: mizani ya chakula ilitofautiana kulingana na rangi.

Mji ulipookolewa tarehe 17 Mei 1900, London ilichizi. Watu walicheza barabarani usiku kucha. Msee akarudi akiwa shujaa, meja jenerali akiwa na miaka 43. Mifupa iliyoonekana kwenye ngozi za Wabarolong haikuingia kwenye zile sherehe.

Cha kushangaza ni kwamba vita hivyo hivyo viliwapa Waingereza presha kubwa kuhusu miili yao wenyewe. Vijana wa mitaa ya viwanda walijitokeza kujiunga na jeshi, wakavuliwa mashati, wakapimwa, wakarudishwa nyumbani. Manchester pekee, kati ya wanaume zaidi ya 11,000 waliojitokeza mwaka 1899, karibu 8,000 walikataliwa. Walikuwa wafupi, vifua vyembamba, meno yameoza. Jeshi likashusha kipimo cha urefu hadi futi tano na bado watu hawakutosha. Serikali ikaunda kamati nzima kuchunguza kama taifa linadhoofika, nayo ikatoa ripoti mwaka 1904. Matunda yake yalikuwa mazuri: mwaka 1906 sheria ikaruhusu watoto maskini walishwe shuleni, na mwaka uliofuata madaktari wakaanza kukagua wanafunzi. Lakini usisahau chanzo. Mtoto wa maskini alianza kupewa lanchi wakati dola ilipogundua kwamba itamhitaji akiwa mkubwa, awe na nguvu za kubeba bunduki.

Baden-Powell aliingia hapo na dawa yake. Agosti 1907 alichukua wavulana kama ishirini, baadhi wa shule za mabwanyenye na wengine wa familia za kazi za mikono, akawapeleka kupiga kambi kwenye kisiwa cha Brownsea. Januari 1908 akaanza kutoa Scouting for Boys vipande vipande, na watoto wakakinunua kama mahamri.

Ukikisoma leo, sehemu kubwa ni mafunzo ya mafundo ya kamba, moto na nyayo. Lakini mwili umejaa humo. Kuna mazoezi sita ya kila siku, pumua kwa pua, oga maji baridi, piga mswaki, usivute sigara. Kuna kurasa za kuwatisha wavulana kuhusu kujichua, na hizo wataalamu wa afya walishazitupa zamani. Na kuna ile sehemu amewachoma wale vijana wanaokwenda uwanjani kuangalia wengine wakicheza mpira. Aliwachora kama watu weupe kwa kukosa jua, wenye vifua vilivyoingia ndani, mabega yameinama, sigara mdomoni. Manze, angepita mbele ya duka la beti siku ya Jumamosi angepata presha.

Kwake, mwili wa kijana ulisema tabia yake. Ukisimama wima, wewe ni mtu wa maana. Ukiinama, kuna kitu kibovu ndani yako. Kwamba huyo kijana alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda tangu utotoni, au alikula mkate na chai tu wiki nzima, hilo lilipata nafasi ndogo. Na huo mchezo tunaujua vizuri, kwa sababu bado tunauchezewa. Dem mnene anaitwa mvivu na watu ambao hawajui anaamka saa kumi. Jamaa mwembamba anaulizwa kama anaumwa. Miaka ya tisini ilikuwa noma zaidi, wakati kukonda kulitosha mtaa mzima kukuhukumu kwamba una ukimwi. Uganda walishaupa huo ugonjwa jina la Slim.

Usidhani vile vipimo vya jeshi vimekufa. Kila KDF wakitangaza nafasi, vijana wa Murang'a na Nyeri hujaa uwanjani asubuhi, wanakimbia, wanavua mashati, wanafungua midomo meno yahesabiwe. Tangazo huwa linasema mwanamume awe na kilo zisizopungua 54.55 na urefu wa mita 1.60. Umewahi kujiuliza hiyo 54.55 imetoka wapi? Zidisha kwa 2.2 na utapata pauni 120 kamili. Mita 1.60 nayo ni futi tano na inchi tatu. Ni kipimo cha Mwingereza kilichovalishwa nguo za kilo. Kuna vijana hula ndizi na kunywa maji lita mbili alfajiri ili sindano ya mizani ipite hapo.

Wasichana hawakualikwa kwenye mbogi. Walijialika. Mwaka 1909 wasichana walitokea kwenye mkutano wa skauti pale Crystal Palace wakiwa wamejitengenezea yunifomu, na hawakudinda tu kuondoka, walitaka kutambuliwa. Jamii ikashtuka. Kulikuwa na hofu ya kweli kwamba msichana akikimbia na kupanda miti mwili wake utaharibika. Mwaka uliofuata Baden-Powell akamwachia dadake Agnes aanzishe Girl Guides.

Ndoa yake nayo ingekuwa habari ya wiki nzima hapa kwetu. Januari 1912, kwenye meli, alikutana na Olave Soames. Stori inayosimuliwa ni kwamba alimtambua kwa mwendo. Alikuwa amewahi kumwona London miaka miwili nyuma akitembea na mbwa, na kwa macho yake ya kupeleleza akakumbuka hatua zake na kuamua kwamba huyo ni mtu mwenye roho na akili. Yaani alisoma mwili kama faili. Oktoba wakaoana. Yeye miaka 55, Olave 23. Mwite mubaba ukitaka, lakini walikaa pamoja hadi kifo, wakapata watoto watatu, na Olave akaja kuwa kiongozi wa Guides duniani. Nyumbani kwao Uingereza, Pax Hill, mzee alilala nje kwenye roshani hata baridi ikiwa kali, kwa sababu aliamini hewa baridi hutengeneza mtu.

Sasa turudi kwetu. Kabla hajaja kuishi Nyeri, watu wa hapa walikuwa wameshapandishwa kwa mizani pia. Vita vya kwanza vya dunia vilichukua wanaume wa Mlima Kenya wakabebe mizigo ya jeshi, ile Carrier Corps iliyotuachia jina la Kariokor, na walikufa kwa wingi, zaidi kwa magonjwa na chakula kibovu kuliko kwa risasi. Baadaye koloni likawa na swali lile lile la Manchester: kwa nini hawa tunaotaka wafanye kazi hawana nguvu? Daktari John Gilks wa serikali ya Kenya na mtaalamu wa chakula kutoka Scotland, John Boyd Orr, wakapima Wakikuyu na Wamaasai, na ripoti ikatoka 1931. Mwanamume Mmaasai, aliyekula nyama, maziwa na damu, alimzidi Mkikuyu wa mahindi, maharagwe na viazi vitamu kwa urefu wa inchi tano na uzito wa pauni 23, kama kilo kumi hivi. Boyd Orr alienda kuwa bosi wa kwanza wa FAO na kushinda Nobel ya amani mwaka 1949.

Ile ripoti ilisomwa kama vile Mkikuyu ndivyo alivyo, na ndivyo anavyopenda kula. Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliifungua upya na kuonyesha vile ilivyopuuza mambo. Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa ardhi na malisho, na mtu asiye na mahali pa kulisha ng'ombe hanywi maziwa. Wanawake nao walionekana na afya bora kuliko wanaume, kwa sababu walikula mboga za majani ambazo wanaume walizidharau. Cucu wako na terere yake alikuwa mbele ya sayansi.

Ukijua hayo, ile sifa ya kunona inaeleweka. Hawa ni watu walioona njaa, walioona miili ikipimwa ikakutwa imepungua. Mama aliyejifungua alipikiwa njahi mpaka mashavu yarudi. Kitambi kilikuwa risiti ya kwamba mambo yako yako sawa. Kisha mambo yakageuka haraka kuliko lugha yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta wanawake 33 kati ya kila 100 nchini, wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi, kutoka 25 miaka mitano tu nyuma. Presha na sukari ni vitu vya kweli, daktari akikuambia msikilize. Ila ujue pia kwamba hata mstari wa kuzidi husogezwa. Mwaka 1998 Marekani ilishusha kiwango chake hadi BMI 25, na mamilioni ya watu walilala wakiwa sawa wakaamka wakiwa wanene.

Baden-Powell alifika Nyeri mara ya kwanza mwaka 1935, kumtembelea Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake na ndiye aliyejenga Outspan na Treetops. Aliupenda mlima papo hapo. Moyo wake ulikuwa umeanza kugoma, madaktari wakataka apumzike, na mwaka 1938 yeye na Olave wakahamia kwenye kajumba kalikojengwa kwenye uwanja wa Outspan. Wakakaita Paxtu, yaani Pax ya pili kwa matamshi ya Kiingereza. Kwa Kiswahili ni Pax tu, na nadhani hiyo inapendeza zaidi. Bado unaweza kuingia ukakaona.

Huko mtu aliyekuwa amewahubiria wavulana wakimbie, waoge baridi na wasimame wima, alianza kukaa kwenye veranda. Hakuruhusiwa kupanda, hakuruhusiwa kuchoka. Alichora ndovu na ndege, akaandika vitabu vidogo kuhusu wanyama wa Kenya, akaangalia mlima ambao mwili wake haungempeleka tena. Picha zake za mwisho zinaonyesha mzee aliyekonda sana, kaptula bado ziko, magoti yametokeza.

Alikufa tarehe 8 Januari 1941, wiki sita kabla ya kufikisha miaka 84. Akazikwa kwa heshima za kijeshi kwenye makaburi ya St Peter's, mlima ukiwa mbele yake hali ya hewa ikiruhusu. Majivu ya Olave yaliletwa hapo baada ya kifo chake mwaka 1977. Hatua chache kutoka hapo amelala Jim Corbett, mwindaji wa simba-milia wa India, ambaye aliishi kwenye Paxtu ile ile hadi 1955. Serikali ililifanya kaburi la Baden-Powell kuwa mnara wa kitaifa, na kila tarehe 22 Februari skauti hupanda Nyeri kutoka kila kona ya nchi, vitoto vyembamba na vinono, wote kwenye kaptula moja.

Kwenye jiwe kumechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa alama za msituni alizofundisha, hiyo humwambia anayefuata nyayo kwamba asitafute tena, mwenye njia amekwenda nyumbani.